UZI: Wasifu wa watunzi wa muziki, diwani na katuni. Kila kimoja kinasomwaje?

#1 Kabati la Chini
Wadau, salaam. Huu uzi ni wa wale waliozoea riwaya peke yake na sasa wanataka kuchanganya: wasifu wa watunzi wa muziki, ushairi, katuni. Malalamiko ni yaleyale kila siku. Wasifu unakwamia ukurasa wa hamsini kwa sababu ya majina ya ukoo na namba za kazi zisizoeleweka. Diwani inasomwa kama gazeti, inaisha jioni moja na hakuna kilichobaki kichwani. Katuni inamalizwa kwa dakika ishirini, halafu mtu anasema pesa yake imekwenda bure.

Wenye ujuzi shusheni nondo. Tunataka vipimo, mifano na mahali watu wanapokosea. "Soma unachopenda" tumeshaisikia ya kutosha.

#2 Fidla Kavu
Nianze na wasifu wa watunzi, kwa sababu ndiko watu wanakouziwa mbuzi kwenye gunia.

Kabla hujalipa, kipe kitabu mtihani wa dakika kumi. Nenda moja kwa moja kwenye faharasa kule nyuma. Kama kitabu ni cha Beethoven, tafuta jina Schindler. Anton Schindler alikuwa karani wake wa miaka ya mwisho, na mwaka 1840 akatoa wasifu ambao waandishi wengi waliutegemea kwa zaidi ya karne. Beethoven alipopoteza usikivu, wageni walikuwa wakimwandikia maneno yao kwenye madaftari, na baada ya kifo chake mwaka 1827 mengi ya madaftari hayo yaliishia mikononi mwa Schindler. Mwaka 1977 wahariri wa madaftari hayo kule Berlin walionyesha kwamba maneno mengi ya Schindler yaliyomo aliyaingiza mwenyewe baada ya bwana wake kufa. Hata ile habari kwamba noti nne za mwanzo wa Simfoni ya Tano ni hatima inayobisha hodi ilitoka kwake. Mwandishi anayemnukuu Schindler bila kumkunjia uso hata kidogo, rudisha kitabu chake rafuni.

Kwa Mozart, tafuta mazishi na jina la Salieri, mtunzi mwenzake wa Vienna. Kitabu kikikuambia Salieri alimuua kwa sumu, hiyo ni tamthilia. Pushkin aliliandikia jambo hilo mchezo mfupi mwaka 1830, na filamu ya mwaka 1984 ikalisambaza dunia nzima. Kikikuambia Mozart alitupwa kwenye shimo la maiti za mafukara, pia kimechemka. Alizikwa Desemba 1791 katika makaburi ya St. Marx nje ya Vienna, kwenye kaburi la kawaida la daraja la tatu, kwa taratibu za mazishi za wakati ule. Makaburi ya namna hiyo yalitumiwa tena baada ya miaka michache, ndiyo maana mahali pake halisi hapajulikani.

Kwa Bach, angalia kama kitabu kinanukuu "shajara" ya mke wake wa pili, Anna Magdalena. Hakuna shajara. Kilichopo ni riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1925 iliyotoka kwanza bila jina la mwandishi, wengi wakaibeba kama kumbukumbu halisi.

Kwa Shostakovich kuna kitabu cha Volkov cha mwaka 1979, kinachodai ni kumbukumbu za mtunzi mwenyewe. Mwaka uliofuata mtafiti Laurel Fay alionyesha kwamba baadhi ya sehemu zake zinafanana na makala ambazo Shostakovich alikwisha kuzichapisha zamani. Ugomvi haujaisha. Kisome, lakini usikifanye kuwa kitabu chako cha kwanza juu yake.

Kipimo kingine: mazungumzo. Mwandishi akiweka maneno mdomoni mwa watu wa mwaka 1705 na hakuna tanbihi inayosema ameyatoa wapi, anatunga. Linganisha na kisa cha Bach mwaka huohuo. Alipewa ruhusa ya wiki nne kutoka Arnstadt, akaenda Lübeck, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, kumsikiliza mpiga kinanda Buxtehude, akarudi baada ya miezi kama minne. Wakubwa wa kanisa walimhoji Februari 1706 na maswali na majibu yakaandikwa. Kumbukumbu hiyo ipo. Mwandishi mzuri atakuonyesha karatasi hiyo, na utacheka zaidi kuliko kwenye mazungumzo ya kubuni.

#3 Bando la Mwisho
Mkuu Fidla, hapo kwenye namba ndipo tunapoachia. Op., K., BWV, D. Hizi ni nini, na lazima nizijue?

#4 Fidla Kavu
Ni anwani za kazi. Bila hizo utasikiliza kitu kingine kabisa, kwa sababu mtunzi mmoja anaweza kuwa na vipande kumi vyenye jina "Sonata".

Op. ni opasi, yaani namba ya kazi, na mara nyingi inafuata mpangilio wa kuchapishwa, si wa kutungwa. Mfano unaochanganya wengi: konsato ya piano ya Beethoven inayoitwa ya pili ni Op. 19, ya kwanza ni Op. 15, lakini hiyo "ya pili" ndiyo aliyoanza kuitunga. Ukijaribu kufuatilia ukuaji wake kwa namba za opasi utamwona anarudi nyuma.

K. ni ya Mozart, kutoka orodha ya Köchel ya mwaka 1862, na imepangwa kwa kukadiria wakati. K. 626 ni ile Rekwiemu, misa ya wafu, aliyoiacha haijaisha. BWV ni ya Bach, orodha ya Schmieder ya mwaka 1950, na hapa ndipo mtego ulipo: imepangwa kwa aina ya kazi. Kantata ziko mwanzoni, kwa hiyo BWV 1 si kazi yake ya kwanza hata chembe. D. ni ya Schubert, kwa wakati. Ukizijua hizo nne umemaliza.

Namna ya kusoma: msianzie kuzaliwa. Kurasa arobaini za mababu ndizo zinazoua msomaji. Chagua kazi moja unayoijua kwa sikio, tafuta mwaka wake, ingia hapo. Kwa Beethoven mimi ningemwingiza mtu mwaka 1802, kwenye barua ya Heiligenstadt aliyowaandikia ndugu zake akieleza uziwi wake, na hakuituma. Ukimaliza sura hiyo sikiliza Simfoni ya Tatu, aliyoitunga zaidi mwaka 1803. Kisha ndipo rudi Bonn mwaka 1770 uone mtoto alilelewaje. Mababu watakuwa na maana wakati huo.

Kuhusu bando, kwa kuwa jina lako linasema yote: sauti ya kbps 128 hula takriban MB 1 kwa dakika. Simfoni ya Tisa ina dakika kama 65 hadi 70, hivyo weka MB 70. Video ya tamasha lilelile itakula mara kadhaa ya hapo bila kukuongezea kitu masikioni. Pakua sauti mara moja, sikiliza mara tano.

#5 Mpwani wa Kale
Nyote mmekwenda Vienna. Wasifu wa mwanamuziki kwa Kiswahili upo, tena umeandikwa na Shaaban Robert: Wasifu wa Siti binti Saad, wa mwaka 1958.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, kuelekea 1880, akafariki mwaka 1950. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za kampuni ya HMV kwa Kiswahili. Sahani za wakati huo zilikuwa na dakika kama tatu upande mmoja, nne na kitu zile kubwa. Taarabu ya barazani haina haraka hiyo. Kwa hiyo unaposikia rekodi zake leo, unasikia wimbo uliokatwa ili utoshe kwenye sahani, na usimhukumu mwimbaji kwa hilo.

Shaaban Robert hakumwandikia Siti kama Fidla anavyotaka, kwa tanbihi na nyaraka. Anamjengea heshima: mwanamke aliyetoka chini, sauti, subira, majibu kwa waliombeza. Ukikisoma ukitafuta orodha ya tarehe utavunjika moyo. Kisome kwa lugha, kisha weka pembeni yake kitabu cha mwanahistoria Laura Fair juu ya Zanzibar, cha mwaka 2001, kwa Kiingereza, chenye sura nzima juu ya Siti na nyimbo zake. Mfano ni wimbo wa Kijiti, juu ya mwanamke aliyeuawa, mtuhumiwa akavuka kwenda bara, na waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliogeuziwa kibao. Wimbo peke yake unausikia kama umbeya wa mtaa. Ukiwa na historia ya mahakama za kikoloni mkononi, unausikia kama mashtaka.

Na tahadhari kwa wanaopenda vitabu vinene: unene haupimi ukweli. Enoch Sontonga, aliyetunga wimbo uliozaa Mungu Ibariki Afrika mwaka 1897, alifariki 1905, na hata kaburi lake lilikuwa limepotea hadi lilipotambuliwa na kutangazwa kumbukumbu ya taifa Afrika Kusini mwaka 1996. Anayekuuzia kurasa mia tano za maisha ya Sontonga, mwulize amezijaza na nini.

#6 MizaniNane
Nichukue ushairi. Kosa la kwanza ni kusoma kwa macho. Shairi la mapokeo lilitungwa liimbwe, na kama hujalitoa mdomoni hujalisoma, umelitazama tu.

Hatua ziko hivi. Soma ubeti kwa sauti mara moja bila kutafuta maana. Mara ya pili gonga kidole kwa kila silabi na uhesabu mizani. Mara ya tatu ndipo uulize linasema nini. Beti tano kwa siku zinatosha, na diwani ya kurasa mia itakuchukua miezi. Sioni ubaya.

Vipimo: utenzi una vipande vinne kwa ubeti, kila kimoja mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina kinachopita utenzi mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, wosia wa mama kwa binti yake, uko hivyo. Shairi la kawaida lina mishororo minne ya mizani 16, iliyokatwa katikati 8 kwa 8: ukwapi kushoto, utao kulia, kina cha kati na kina cha mwisho. Al-Inkishafi, shairi la kale, inatembea kwa mizani 10, ndiyo maana ukiingia nayo na masikio ya utenzi unajikwaa mstari wa kwanza tu.

Nimeunganisha ubeti hapa kwa ajili ya mazoezi:

*Kitabu ki mkononi, soma pasipo haraka,*
*Neno litie moyoni, maana itafunuka,*
*Wimbo uwe sikioni, mizani kuhesabika,*
*Ukifika ukomoni, anza tena bila shaka.*

Hesabuni wenyewe. Wengi watapata 7 kwenye ukwapi wa kwanza.

#7 Kabati la Chini
Nimepata 7 kweli. Ki-ta-bu-ki-mko-no-ni. Halafu mkuu, "ki mkononi" si Kiswahili cha leo. Si ungeandika "kitabu kipo mkononi"?

#8 MizaniNane
Umeliona kosa ambalo nilikuwa nalisubiri. M ya "mkononi" inasimama peke yake: m-ko-no-ni, mizani 4. Ki-ta-bu-ki, nne nyingine. Jumla 8. Ukiweka "kipo" unapata 9 na mshororo unachechemea. Mwimbaji atalazimika kumeza silabi moja.

Kanuni ya M na N ndiyo inayowaangusha hata walimu. M ikifuatwa na konsonanti kwenye mtu, mto, mgeni, mtoto, inahesabiwa peke yake. Lakini kwenye mbuzi au mbegu imeshikana na B: mbu-zi, mizani 2. N ya nchi na nta inasimama, kwa sababu neno lisingekuwa na pa kuwekea mkazo. Ya ndizi haisimami. Na kuna neno lilelile linalobadilika kutegemea liko na nani. "Mtu mbaya" ni m-tu m-ba-ya, mizani 5. "Njia mbaya" ni nji-a mba-ya, mizani 4. Ile M ya kwanza ni kiambishi cha ngeli ya mtu, ya pili ni sehemu ya mba. Sikio la mzawa linalijua hilo. Kidole kwenye karatasi ndicho kinachodanganyika.

Mw, kw, bw ni sauti moja: mwa-na ni 2, kwa-mba ni 2. Irabu mbili zinahesabiwa mbili: ta-a, le-o, ma-a-na.

Anayetaka sheria zote atafute kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, kisha Kunga za Ushairi cha Mulokozi na Kahigi cha mwaka 1979. Cha kwanza kinakupa sheria, cha pili kinakupa sababu na kinafungua mlango kwa wasiozifuata.

#9 Bando la Mwisho
Na mashairi ya kale? Nilifungua Muyaka nikaona kama lugha nyingine.

#10 Mpwani wa Kale
Si lugha nyingine, ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa, aliishi takriban 1776 hadi 1840, na mashairi yake yamesalia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaeleza, W. E. Taylor akayahifadhi, na hatimaye Hichens akayachapa Johannesburg mwaka 1940.

Jifunze mabadiliko machache ya sauti na nusu ya ugumu inaondoka. Ch ya kwetu ni t kwao: nti ni nchi, mato ni macho. Nj ni nd: ndia ni njia. Kiamu, lahaja ya Lamu, kinaongeza y mahali pa j: moya ni moja, kuya ni kuja. Andika orodha hiyo kwenye kikaratasi uiweke ndani ya jalada. Kwa maneno yaliyobaki, Kamusi ya Kiswahili Sanifu haitakufikisha mbali. Kamusi ya Sacleux ya mwaka 1939 ndiyo yenye lahaja za pwani, lakini maelezo yake ni ya Kifaransa, kwa hiyo mtafute rafiki wa Bujumbura au Bukavu.

Na epukeni matoleo yaliyo-"sanifishwa". Mhariri anabadilisha mato kuwa macho ili mwanafunzi aelewe. Mizani inabaki 2, haoni ubaya. Lakini kama neno lilikuwa mwishoni na kina ni -to, ameshavunja kina cha ubeti mzima. Ukiona shairi la mtunzi mkubwa wa kale lina kina kinachopwaya mahali pamoja, mshuku mhariri kabla ya kumshuku mtunzi.

Kwa daraja la kati kati ya Muyaka na leo, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, 1973. Ni mashairi aliyoyatunga kifungoni kati ya 1969 na 1972. Ni Kimvita, umbo ni la mapokeo, lakini mambo yake ni ya Kenya huru. Ndipo utakapoona kwamba vina na mizani haviizuii hasira kupita.

#11 Kabati la Chini
Na mashairi huru je? Kezilahabi hana mizani wala vina. Kidole kigonge nini?

#12 MizaniNane
Kigonge pumzi. Kichomi, diwani yake ya 1974, kilizua vita kubwa wakati wake, wenye mapokeo wakisema hayo si mashairi. Mimi ni wa mapokeo na bado nasema ni mashairi. Kazi inafanywa na mahali mstari unapokatika. Soma ukisimama mwisho wa kila mstari kwa urefu wa pumzi moja, hata kama sentensi haijaisha. Kisha soma tena kama nathari, bila kusimama. Kama hakuna kilichopotea mara ya pili, mtunzi amekata mistari ovyo. Kwa Kezilahabi kinapotea.

#13 Kibonzo
Nimengoja hadi mmalize vina. Katuni sasa.

Aliyemaliza kitabu cha katuni kwa dakika ishirini amesoma viputo vya maneno tu. Hiyo ni nusu ya kitabu, na mara nyingi ile nusu dhaifu. Raundi ya kwanza soma hivyohivyo, ujue hadithi. Raundi ya pili funika maneno kwa macho yako na ufuate michoro peke yake, ukijiuliza kwenye kila fremu: kwa nini ukubwa huu, mchoraji amesimama wapi, na nini kimetokea kwenye mwanya kati ya fremu hii na inayofuata. Ule mwanya mweupe ndipo muda unapopita. Mkono umeinuliwa, mwanya, mtu yuko chini. Kofi lenyewe halijachorwa. Umelipiga wewe msomaji.

Mpangilio: kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, na ndani ya fremu kiputo kilicho juu kabisa kushoto ndicho kinaanza. Mchoraji akiweka anayejibu kushoto na anayeuliza kulia, jibu linatangulia swali. Kosa hilo limejaa kwenye kazi za wanaoanza, na haliponi kwa maneno, linapona kwa kuchora upya. Manga ya Kijapani inasomwa kinyume, kulia kwenda kushoto, na matoleo mengi ya sasa yanaacha hivyo. Kuna matoleo ya zamani yaliyogeuzwa kama kwenye kioo. Utayajua kwa sababu kila mtu ghafla anatumia mkono wa kushoto.

Kwa Kiswahili anzieni Abunuwasi ya Gado, iliyotolewa na Sasa Sema ya Nairobi mwaka 1996. Visa mnavijua tangu utotoni, na hiyo ndiyo faida yake: hadithi haikushughulishi, unaona mchoraji ameifanya nini. Chukua kisa kimoja kama ulivyokisoma kwa maneno, kiweke karibu na kurasa za Gado, na uhesabu sentensi zilizogeuka kuwa sura ya mtu tu. Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo ni somo jingine, la mkanda wa gazeti: fremu tatu au nne, hakuna pa kupotezea, na fremu ya mwisho inabeba kila kitu. Upande wa Tanzania kuna Chakubanga wa gazeti la Uhuru, kisha kizazi cha jarida la Sani, akina Madenge na Ndumilakuwili.

Jambo la kiufundi kwa wanaotafsiri: Kiswahili kikiingia kwenye kiputo kilichochorwa kwa Kiingereza mara nyingi hakitoshi. Mwandishi wa herufi anazipunguza mpaka zinakuwa mchwa. Dawa ni kukata maneno, si herufi. Kiputo kikizidi maneno ishirini na tano hivi, msomaji anaruka.

#14 Fidla Kavu
Kibonzo, nilidhani uwanja wetu haukutani, kumbe upo unapokutana. Osamu Tezuka alichora maisha ya Beethoven kwa manga, Ludwig B., ikakatika njiani kwa sababu Tezuka mwenyewe alifariki Februari 1989. Sauti kwenye karatasi amezichora kama maumbo. Kama wasifu usiutegemee, kuna mhasimu wa kubuni humo. Kama njia ya kumfanya mtu asiyejua muziki autamani, sijaona inayoishinda.

#15 Kibonzo
Na wa Bara tusisahau hadithi yetu iliyochorwa na Mkongo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora Madame Livingstone mwaka 2014, kwa Kifaransa, maandishi ya Cassiau-Haurie. Ni vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, Wabelgiji wakiiwinda meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Meli hiyo wenyewe wa Kigoma wanaijua kwa jina la MV Liemba. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, Wajerumani wakaizamisha kwa makusudi Julai 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Msiojua Kifaransa bado mnaweza kukisoma raundi ya pili niliyoieleza, ya michoro tupu. Rangi zake za maji zinaeleza jua na ukungu wa ziwa bila msaada wa maneno.

Tahadhari ya matoleo, na hii ni kwa kila mnunuzi. Tintin nchini Kongo ilitoka gazetini 1930 hadi 1931, ikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946 katika kurasa 62. Kwenye ile ya kwanza Tintin anaingia darasani na kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Kwenye ya 1946 ukurasa huohuo umegeuka somo la hesabu. Watu wawili wanabishana juu ya kitabu kimoja kumbe kila mmoja ameshika kingine. Angalieni ukurasa wa hakimiliki kabla ya kubishana.

#16 Bando la Mwisho
Vya mitumba je? Inama bookshop ya Nairobi ina vingi, lakini nusu vimeoza.

#17 Kabati la Chini
Hilo naliweza. Kitabu kilichoshonwa kina mikunjo ya kurasa 16 mara nyingi. Ukipotea mkunjo mmoja hukosi ukurasa mmoja, unakosa rundo, kwa hiyo pitisha macho kwenye namba kila baada ya kurasa kumi na tano hivi. Jarida la katuni lililobanwa kwa pini ni tofauti: karatasi ya katikati ikichomoka zinaondoka kurasa nne pamoja, na mara nyingi namba hazijaandikwa. Fungua katikati kabisa uone kama pini zinaonekana na kama fremu ya mwisho kushoto inaungana na ya kwanza kulia.

Usibandike selotepu. Gundi yake inageuka kahawia na kupenya, na karatasi za magazeti tayari zina asidi inayozifanya zikatike zenyewe. Kwa pwani adui ni unyevu: ukipita asilimia 65 ukungu unaota. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya vitabu na ukuta, na usifungie kwenye nailoni kitu ambacho hakijakauka vizuri. Wadudu wakiingia, funga kitabu kikavu ndani ya mifuko miwili, kitie kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, kisha kitoe ukiache kwenye mfuko mpaka kirudi joto la chumba. Ukiufungua mapema maji yanagandamana juu ya karatasi na umeongeza tatizo la pili.

Zile pini zenye kutu usizing'oe kwa nguvu. Zinyooshe kwa ncha ya kisu kutoka ndani, kisha zisukume nje.

#18 Bando la Mwisho
Ustadhi MizaniNane, nimejaribu. Nimechanganya na somo la Fidla: "Beethoven hakusikia, kalamu haikukoma". Jina la kizungu linahesabiwaje?

#19 MizaniNane
Kwa jinsi linavyotamkwa kwetu. Be-to-ve-ni, nne. Ha-ku-si-ki-a, tano. Una 9 kwenye ukwapi. Utao ni ka-la-mu ha-i-ku-ko-ma, 8, mzima.

#20 Bando la Mwisho
Basi naweka Mozati. Mo-za-ti tatu, na tano, nane kamili.

#21 Fidla Kavu
Mizani imekaa, historia imelala. Mozart alisikia vizuri mpaka anakufa.

#22 MizaniNane
Mwache Beethoven, badili kitenzi: "Betoveni hasikii, kalamu haijakoma". Nne na nne, tatu na tano. Sasa tafuta mishororo mitatu yenye kina cha -ii katikati na -ma mwisho, uilete hapa.